Dragon 32 na Dragon 64: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dragon Data ilikuwa kampuni gani?

Ilikuwa kampuni ya Wales iliyoanzishwa 1982 ndani ya Mettoy, watengenezaji wa vitu vya kuchezea vya watoto. Kama umewahi kushika kigari cha chuma cha Corgi, ndio haohao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 biashara ya vigari ilikuwa inadorora, watoto wakitaka michezo ya video, na Mettoy wakaamua kuingia kwenye kompyuta za nyumbani. Dragon 32 ilitoka Agosti 1982 kwa pauni 199. Jina lilitokana na joka jekundu la bendera ya Wales.

Kufikia Juni 1984 kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Haikutimiza hata miaka miwili sokoni.

Ndani ya Dragon 32 mna nini?

Karibu kila kitu humo ni cha Motorola. Prosesa ni MC6809E inayokwenda kwa megahezi 0.89. Picha inatengenezwa na MC6847. Kibodi, kaseti, sauti na joistiki vinapita kwenye chipu mbili za MC6821. Anayewapanga wote foleni, akigawa zamu za kumbukumbu kati ya prosesa na picha, ni MC6883, ambayo mafundi huiita SAM. Kumbukumbu (RAM) ni kilobaiti 32, na BASIC ya Microsoft, lugha ya kuandikia programu, imekaa kwenye ROM (kumbukumbu isiyofutika) ya kilobaiti 16.

Ukiacha ROM, hakuna chipu hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya Dragon peke yake. Likumbuke jambo hili, maana ndilo linalojibu nusu ya maswali ya ukurasa huu: kwa nini mashine ilitoka haraka, kwa nini haikuweza kushuka bei, na kwa nini leo bado inatengenezeka.

Je, ni kweli iliiba muundo wa kompyuta ya Marekani, Tandy Color Computer?

Hapana. Motorola walipouza SAM walitoa na mchoro wa mfano unaoonyesha jinsi ya kuiunganisha na 6809E, 6847 na 6821. Tandy waliufuata, Dragon Data wakaufuata. Wapishi wawili, kitabu kimoja cha mapishi. BASIC nayo wote waliichukua Microsoft kwa leseni.

Ila Dragon wana mambo yao. Kibodi ni ya vitufe kamili kama ya taipureta, jambo lililoitofautisha na ZX Spectrum ya Sinclair yenye vitufe vya mpira. Kuna mlango wa printa wa sambamba wakati Tandy walikuwa na wa mfululizo tu. Na kuna soketi ya monita, si ya TV peke yake.

Basi programu za Tandy zitafanya kazi kwenye Dragon yangu?

Inategemea ni programu ya aina gani.

Programu ya BASIC iliyohifadhiwa kwa njia ya kawaida itaingia bila kosa, lakini ukipiga `LIST` utaona amri zisizo na maana. Sababu ni kwamba BASIC haihifadhi neno `PRINT` herufi kwa herufi. Inahifadhi namba moja inayosimama badala ya neno hilo, na namba za Dragon si za Tandy. Dawa ni kuihifadhi kwenye Tandy kwa `CSAVE"JINA",A`. Ile `A` ya mwisho inaandika maneno kamili, na Dragon itayasoma.

Programu za lugha ya mashine ni ngumu zaidi. Anwani za ndani ya ROM si zilezile, kwa hiyo programu inayoita huduma za BASIC moja kwa moja itaanguka. Hata ile isiyoita ROM inaweza kukwama kwenye kibodi, maana mistari ya waya za vitufe imepangwa tofauti: unabonyeza kitufe kimoja, mchezo unapokea kingine. Zikitumia joistiki tu, mara nyingi zinakwenda.

Usishangae pia ukiona mchezo wa Kimarekani uliosifiwa kwa rangi nyekundu na buluu ukija kwako mweusi na mweupe mtupu. Rangi zile hazikuwamo kwenye kumbukumbu. Zilitokana na TV ya NTSC, mfumo wa Marekani, kuchanganya nukta zilizobanana. TV ya PAL, mfumo unaotumika Uingereza, haina kosa hilo, basi na rangi hakuna.

Kwa nini kila kitu ni herufi kubwa?

Kwa sababu 6847 haikuwa na herufi ndogo. Skrini ya maandishi ni safu 32 kwa mistari 16, nyeusi juu ya kijani. Ukibonyeza SHIFT pamoja na 0 unaingia kwenye herufi ndogo, lakini skrini inazionyesha kama herufi kubwa zilizogeuzwa rangi, kijani juu ya nyeusi.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Unaandika `print 5+5`, unapata `?SN ERROR`, unadhani BASIC imeharibika. BASIC haikubali amri za herufi ndogo. Ukiona maandishi yamegeuka rangi, bonyeza SHIFT na 0 tena, andika upya.

Nikichora, picha inatokea na kupotea papo hapo. Nakosea wapi?

Programu ikiisha, BASIC inarudisha skrini ya maandishi ili ikuandikie `OK`. Izuie isiishe:

```
10 PMODE 4,1
20 SCREEN 1,1
30 PCLS
40 CIRCLE(128,96),80
50 GOTO 50
```

Mstari wa 50 ndio unaoishikilia picha. Toka kwa BREAK. `PMODE 4` inakupa pikseli 256 kwa 192 na rangi mbili. `PMODE 3` inakupa 128 kwa 192 na rangi nne, ila nne hizo huchagui: ni kijani, njano, buluu na nyekundu kwa `SCREEN 1,0`, au nyeupe iliyofifia, samawati, zambarau na machungwa kwa `SCREEN 1,1`. Ukitaka nyeusi, nyekundu na nyeupe kwenye picha moja, hupati.

Kama mashine ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini kampuni ilikufa?

Mara nyingi lawama inaangukia herufi ndogo na rangi. Ni kasoro kweli, na mwalimu aliyetaka kompyuta ya kuandikia barua alikuwa na haki ya kuipita. Lakini kampuni haikuangushwa na rangi ya kijani. Iliangushwa na fedha.

Kwanza, mzazi alikuwa mgonjwa. Mettoy waliingia kwenye kompyuta wakiwa tayari wanapungukiwa, na biashara hii inataka mtaji mkubwa mapema: chipu unazilipia leo, mashine unaziuza Krismasi, na duka kubwa linakulipa baadaye. Kabla ya mwaka kuisha ilibidi sehemu kubwa ya hisa iende kwa wawekezaji wa nje, wakiwemo tawi la teknolojia la kampuni ya bima ya Prudential na Wakala wa Maendeleo wa Wales. Uzalishaji ulihamia kiwanda kikubwa zaidi karibu na Port Talbot. Mettoy wenyewe walifilisika Oktoba 1983.

Pili, bei. Agosti 1982, pauni 199 ilikuwa bei ya ushindani. Mei 1983 Sinclair wakashusha Spectrum ya kilobaiti 48 kutoka pauni 175 hadi 129.95. Sinclair waliweza kwa sababu sehemu kubwa ya saketi yao ilikuwa imebanwa ndani ya chipu moja waliyoitengenezesha wenyewe. Dragon ilikuwa na chipu kubwa tano za pini 40, kila moja ikinunuliwa kwa bei ya Motorola, pamoja na kibodi ya gharama. Muundo wa vipande vya sokoni uliowawezesha kutoka haraka ndio uliowanyima nafasi ya kupunguza.

Tatu, walichelewa. Dragon 64, yenye kilobaiti 64 na mlango wa mfululizo wa RS-232, ilikuja mwishoni mwa 1983 kwa pauni 225. Wakati huo Commodore 64 ilikuwa na sauti ya njia tatu na rangi 16, na Acorn Electron ilikuwa imeingia kwa pauni 199. Watengenezaji wa michezo walihesabu mashine zilizoko majumbani, wakaona Spectrum na Commodore, wakaandikia huko. Dragon ikabaki na wachache waaminifu, Microdeal wa Cornwall wakiongoza, na mnunuzi aliyeangalia rafu ya kaseti dukani alielewa bila kuambiwa.

GEC, kampuni kubwa ya umeme ya Uingereza, ilileta meneja wake na njia zake za usambazaji mwaka 1983. Kulikuwa na mipango mizuri tu: Alpha, mashine ya ofisi yenye disketi na modemu, na Beta yenye prosesa mbili za 6809. Zote zilibaki mifano ya maabara.

Baada ya Juni 1984 ilikwendaje?

Kampuni ya Kihispania ya Eurohard ilinunua mali na kuhamishia uzalishaji Casar de Cáceres, mkoa wa Extremadura, kwa msaada wa serikali ya mkoa iliyotaka ajira. Walitoa Dragon 200, ambayo ni Dragon 64 ndani ya ganda jipya, na Dragon 200-E iliyoongezewa herufi za Kihispania na, hatimaye, herufi ndogo. Walijaribu pia kompyuta ya aina ya MSX. Eurohard nayo ilifilisika 1987.

Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo Tano, ya New Orleans, waliotengeneza Dragon kwa leseni kuanzia 1983. Uuzaji wa mashine inayofanana na ya Tandy nyumbani kwa Tandy haukufika mbali.

Nimepata Dragon iliyokaa darini miaka mingi. Niichomeke tu?

Usiichomeke bado. Toa katriji, joistiki na kaseti. Fungua ganda, angalia kapasita kubwa za upande wa umeme: iliyovimba au iliyotoa majimaji inabadilishwa kabla ya kitu kingine. Puliza vumbi, angalia kama kuna skrubu au kipande cha risasi ya kulehemu kilichoanguka juu ya ubao.

Kisha ujue sanduku la umeme la nje ni transfoma tu. Linatoa AC. Kugeuzwa kuwa DC na kudhibitiwa kunafanyika ndani ya kompyuta. Kwa hiyo usijaribu chaja yoyote ya DC hata kama plagi inakaribia kuingia, na usitupe transfoma ya asili.

Washa, pima kwa mita kati ya pini 7 na pini 1 ya 6809E. Unataka volti 5, na chochote kati ya 4.75 na 5.25 kinakubalika. Ikiwa ni chini ya hapo, zima. Ikiwa ni juu ya 5.5, zima haraka zaidi.

Ikiwa salama utaona:

```
(C) 1982 DRAGON DATA LTD
16K BASIC INTERPRETER 1.0
(C) 1982 BY MICROSOFT
OK
```

Andika `PRINT MEM`. Dragon 32 nzima inajibu 24871. Unauliza kilobaiti nyingine zimekwenda wapi? Kurasa nne za michoro zimetengwa hata kama hutachora. `PCLEAR 1` inarudisha tatu kati ya hizo, na `PRINT MEM` inapanda hadi 29479.

Kamwe usichomeke wala kuchomoa katriji umeme ukiwa umewaka. Waya za katriji zinakwenda moja kwa moja kwa prosesa na SAM bila kinga yoyote katikati.

Umeme wa Kenya, Tanzania au Uganda utaifaa?

Dragon ya Uingereza, ndiyo: volti 240, na plagi ya pini tatu za mraba ni ileile. Rwanda, Burundi na Kongo utahitaji adapta ya plagi tu. Dragon ya kampuni ya Tano ya Marekani ni habari nyingine: ni ya volti 120, ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha utasikia harufu kabla hujaona picha.

Nimeunganisha kwenye TV, picha ipo ila sauti hakuna.

Dragon hutoa mawimbi ya UHF, chaneli ya 36 au jirani yake, kwa mfumo wa Uingereza wa PAL-I, ambamo sauti imekaa megahezi 6 juu ya picha. TV ya PAL-B/G, aina nyingine ya PAL, inaitafuta kwenye 5.5, haiioni. Picha safi, sauti bubu au mshindo mtupu.

Tumia soketi ya DIN (tundu la duara) ya monita. Ina picha ya kompositi inayoingia kwenye tundu la njano la TV yoyote iliyo nalo, na ni safi kuliko antena. TV mpya zisizo na mtambo wa analogi haziwezi kupokea chaneli 36 kabisa, kwa hiyo hapo huna njia nyingine.

Nipakieje programu kutoka kaseti?

Safisha hedi ya redio kaseti kwa pamba na spiriti. Sauti weka robo tatu, treble ijae, bass ipungue. Kisha:

1. Andika `MOTOR ON`, rudisha kaseti mwanzo, halafu `MOTOR OFF`. Bila amri hiyo relei (swichi ya umeme) ndani ya Dragon inazuia mota isizunguke na utadhani redio imekufa.
2. `AUDIO ON` inakupitishia sauti ya kaseti kwenye TV. Unatakiwa kusikia mlio mkali uliosimama, kisha kelele za data. Ukisikia mlio wa kwikwi, kaseti au mkanda wa mota una tatizo.
3. `CLOAD` kwa programu ya BASIC, kisha `RUN`. `CLOADM` kwa lugha ya mashine, kisha `EXEC`.
4. Pembeni juu kushoto itatokea `S`, inatafuta. Ikipata, inabadilika kuwa `F` na jina.

Ukipata `?FM ERROR`, mkanda ni mzima. Umetumia `CLOAD` mahali pa `CLOADM`, au kinyume chake.

Na `?IO ERROR`?

Hilo ndilo kosa la mkanda wenyewe. Dragon inaandika biti 0 kama wimbi moja la hezi 1200 na biti 1 kama wimbi moja la hezi 2400, wastani wa biti kama 1500 kwa sekunde. Data imekatwa vipande vya baiti 255 au pungufu. Kila kipande kina utangulizi, baiti ya kuamsha (3C), aina, urefu, data, na mwisho jumla ya ukaguzi. Jumla isipolingana, hata kwa biti moja, kazi yote inasimama.

Jaribu kwa mpangilio huu: badilisha sauti kidogo kidogo, juu na chini, sukuma skrubu ya pembe ya hedi robo mzunguko huku `AUDIO ON` ikiwa imewashwa, simama pale mlio unapokuwa mkali kuliko kote, badilisha redio. Redio za stereo zenye hedi iliyochakaa upande mmoja ni adui mkubwa kuliko mkanda mkongwe.

Ukihifadhi kazi yako, hakuna amri ya kuhakikisha, lakini `SKIPF"JINA"` inafanya kazi hiyo kwa siri. Rudisha mkanda, ipige. Inasoma faili lote bila kugusa kilichomo kwenye kumbukumbu, na mkanda ukiwa mbovu inakupa `?IO ERROR`. Bora ulijue ungali na programu mkononi.

Naweza kutumia simu badala ya redio kaseti?

Ndiyo, na wengi ndivyo wanavyofanya. Geuza faili la kaseti (.cas) kuwa WAV, si MP3, maana MP3 inapindua mawimbi. Zima vikorombwezo vyote vya kuboresha sauti. Tumia waya, si bluetooth. Sauti juu kabisa, na arifa za WhatsApp zizimwe. Mlio mmoja katikati unatosha kuharibu kipande.

Kuna mtego mmoja. Dragon inasimamisha redio kwa relei, simu haisikii relei. Programu ya kawaida inapita mfululizo, hakuna shida. Lakini iliyohifadhiwa kwa `,A`, au faili la data, inasomwa kipande kimoja, mota inazimwa BASIC ichakate, inawashwa tena. Simu itaendelea kuimba na vipande vitapotea. Hizo zipakie kwa redio halisi, au usimamishe simu kwa mkono kila relei inapogonga, kazi inayohitaji subira.

`POKE 65495,0` ni nini, na itaharibu mashine?

Inaiambia SAM iiruhusu prosesa ikimbie mara mbili inaposoma ROM. Kwa kuwa BASIC imekaa ROM, programu zinachangamka waziwazi. `POKE 65494,0` inarudisha mwendo wa kawaida.

Haiunguzi kitu. Ila baadhi ya mashine zinaganda papo hapo, kwa kuwa chipu zake zilipimwa kwa mwendo wa kawaida tu. Zima, washa, ndiyo bahati yako. Hata ikikubali, rudisha mwendo kabla ya `CLOAD` au `CSAVE`: muda wa mawimbi ya kaseti unahesabiwa na prosesa, na mkanda ulioandikwa kwa mwendo wa mbio hausomeki kwa mwendo wa kawaida.

`POKE 65497,0` inakimbiza kila kitu na picha inapotea. Andika `POKE 65496,0` bila kuona, ubonyeze ENTER.

Naweza kupandisha Dragon 32 iwe na kilobaiti 64?

Mara nyingi ndiyo. SAM tayari inajua kuhudumia 64. Angalia maandishi juu ya chipu nane za kumbukumbu. Zikiwa ni MCM6632 au jamaa zake, hizo ni chipu za kilobiti 64 zilizofeli nusu na kuuzwa kama 32. Badala yake weka 4164 nane, na uhamishe waya za kuchagulia ukubwa kwa kufuata mchoro wa toleo la ubao wako, maana matoleo hayafanani. Weka soketi, usilehemu chipu moja kwa moja. Ukikuta 4116, zile zenye kuhitaji volti -5 na +12 pamoja na +5, kazi ni kubwa zaidi. Usichanganye aina hizo mbili kwenye soketi moja, +12 inaua 4164.

Kilobaiti za juu zimefunikwa na ROM. Kabla ya kuiondoa ROM kwenye ramani ya kumbukumbu ni lazima uinakili kwenye RAM iliyo chini yake, la sivyo BASIC inakatwa tawi ililokalia:

```
10 CLEAR 200,31999
20 FOR I=0 TO 22:READ A$:POKE 32000+I,VAL("&H"+A$):NEXT
30 DATA 1A,50,8E,80,00,B7,FF,DE,A6,84,B7
40 DATA FF,DF,A7,80,8C,FF,00,25,F1,1C,AF,39
50 EXEC 32000
60 POKE 60000,123:PRINT PEEK(60000)
```

Inafunga maombi ya kukatiza, inasoma baiti moja kutoka ROM, inageuza ramani, inaiandika kwenye RAM, na hivyo hivyo kuanzia 8000 hadi FEFF kwa namba za heksa. Ikijibu 123, umefaulu. Ikiganda, 64 bado hazipo.

Mwenye Dragon 64 hahitaji haya. Anaandika `EXEC`, ENTER, basi: BASIC inahamia juu na anapata zaidi ya baiti 41,000.

Nawasha, skrini imejaa takataka. Ni chipu gani?

Takataka ni habari njema kiasi. Mashine ikiwashwa, SAM na 6847 zinaonyesha chochote kilichomo kwenye kumbukumbu, hata prosesa ikiwa imelala. Takataka iliyotulia tuli ina maana picha, SAM na saa vinafanya kazi, ila prosesa haijafika kwenye kazi ya kusafisha skrini.

Pima 6809E. Pini 37 ni ya kuanzisha upya: inapaswa kupanda karibu na volti 5 muda mfupi baada ya kuwasha. Ikibaki chini, tatizo liko kwenye saketi ya kuanzisha au kitufe chake kimekwama. Pini 34 na 35 ni saa. Kwa mita ya kawaida zikionyesha kama volti 2 hivi zinadunda, zikionyesha 0 au 5 kamili zimekufa, na mshukiwa ni SAM. Vyote vikiwa sawa, shuku RAM kwanza, kisha ROM, prosesa mwisho.

Skrini tupu bila picha yoyote ni SAM, 6847, kristali au umeme.

Kwa ubadilishaji: SAM ni 74LS783 au 74LS785. Prosesa lazima iwe yenye E mwishoni, 6809E. 6809 tupu ina saa yake ndani na haiingiliani. HD63B09E ya Hitachi inaingia bila marekebisho na haipati moto.

RAM yenye udhaifu wa hapa na pale inaficha ugonjwa. Iache hii ikimbie dakika kadhaa:

```
5 CLEAR 200,19999
10 FOR A=20000 TO 30000
20 POKE A,85:IF PEEK(A)<>85 THEN PRINT A;PEEK(A)
30 POKE A,170:IF PEEK(A)<>170 THEN PRINT A;PEEK(A)
40 NEXT
```

Namba iliyotoka toa kwenye iliyotarajiwa. Ukipata 81 badala ya 85, tofauti ni 4, yaani biti ya 2, yaani chipu moja tu kati ya nane.

Vitufe vingine vinajiandika vyenyewe.

Chomoa joistiki kabla hujafungua kibodi. Vifyatuo vya joistiki vinatumia waya zilezile za 6821 zinazosoma vitufe, na kifyatuo kilichokwama kinaonekana kwa BASIC kama kitufe kilichoshikiliwa. Ikiendelea bila joistiki, safisha viungo vya kibodi, halafu shuku 6821 yenyewe.

Kupima joistiki:

```
10 PRINT JOYSTK(0);JOYSTK(1);JOYSTK(2);JOYSTK(3)
20 GOTO 10
```

Kila namba inatakiwa kwenda 0 hadi 63 bila kuruka. Lazima `JOYSTK(0)` isomwe kwanza. Ndiyo inayosasisha zile tatu.

Disketi?

DragonDOS, programu ya kuendesha disketi, inaweka nyimbo 40 (duara za data), kila wimbo sekta 18 za baiti 256: baiti 184,320 kwa upande mmoja. Kiendeshi cha inchi 5.25 chochote cha nyimbo 40 kinafaa. Kwa disketi kuna OS-9, mfumo wa Microware unaoruhusu kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na kwenye kompyuta ya nyumbani ya 1983 hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha. Wachache walioinunua Dragon kwa ajili yake walijua wanachofanya.

Sina mashine. Nijaribuje?

XRoar, programu huria ya kuiga Dragon, inakwenda Linux, Windows na Mac. Weka `d32.rom`, lazima iwe baiti 16,384 kamili, ndani ya folda `.xroar/roms`, kisha:

`xroar -machine dragon32 -run mchezo.cas`

Ukiona skrini iliyojaa takataka tuli, kama ile ya swali la juu, ROM haikupatikana au jina lake limekosewa.

Nikinunua, nichukue 32 au 64?

Kwa michezo, 32. Karibu yote iliandikiwa hiyo. Kwa OS-9, 64. Kabla ya kulipa muulize muuzaji mambo mawili: transfoma ya asili ipo, na `PRINT MEM` inajibu ngapi. Asiyejua la pili akutumie picha ya skrini.